Karakana ya Baba Inapanda Pikapu

Jumamosi, 1 Machi

Nimenunua! Pikapu nyeupe, imepita mikono mitatu, kioo kimoja hakipandi. Muuzaji kaapa injini haijawahi kufunguliwa, na boliti zina alama za spana kila kona. Nikamwomba tu aiwashe. Imeitika mara ya kwanza.

Hakuna namna nyingine. Mwenye jengo anataka chumba chake mwisho wa mwezi. Miaka thelathini na minane Baba ametengeneza pampu na jenereta mle ndani, kumi na tisa ya mwisho akiwa na mimi. Macho yamemchoka lakini kila asubuhi bado anakuja. Yeye masikio, mimi mikono. Sasa basi, karakana na iwafuate wateja.

Jumatatu, 3 Machi

Nimempeleka Baba kuiona. Kaizunguka taratibu, kiganja juu ya bodi. Kisha kaniambia niwashe, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni. Alinifundisha hivyo nikiwa na miaka tisa. Nilidhani bisibisi inaongea na yeye tu, maana mimi ilininyamazia wiki nzima.

Kasema ina afya, ila valvu moja inalalamika. Nilifurahi kama niliyepasi mtihani. Umri huu wote, bado nataka sifa za Baba!

Alhamisi, 6 Machi

Kupima, kupima, kupima. Jiliwa la kubania vyuma nyuma kabisa, meza ya kukunja kushoto, jenereta ndogo kulia, turubai juu. Kabati la spana halina pa kukaa. Cheche, mchomeleaji wa jirani, kashauri tung'oe kiti cha abiria, kabati likae pale mbele. Mlango wa gari ukifungwa, wezi hawalifikii. Akili hiyo! Nimekubali papo hapo.

Kaka naye kwenye simu kasema sawa kabisa, Mzee apumzike, amechapa kazi ya kutosha. Nikasema ndiyo, apumzike. Tukalimaliza hivyo, sisi wawili.

Jumatano, 12 Machi

Leo kushusha vifaa ukutani. Nimelia, niseme ukweli.

Baba alichora umbo la kila kifaa kwa rangi nyeusi pale kinapotundikwa, ili kikikosekana ujue. Utotoni niliwahi kutundika koleo mahali pa nyundo, makusudi, nione kama atagundua. Aligundua kabla hajavua kofia. Hakunigombeza. Alinipa koleo mkononi akaniambia nilirudishe kwao. Kwao! Miaka yote hiyo nimeamini vifaa vina kwao.

Jioni ukuta ulibaki michoro mitupu. Baba alikaa mlangoni akinitajia nisisahau ile spana namba kumi na tatu, ipo nyuma ya kopo la grisi. Ilikuwepo. Nikamuuliza atakuwa anafanya nini nyumbani siku nzima. Akacheka, akasema nyumbani kuna nini cha kufanya. Nikacheka naye.

Jumamosi, 15 Machi

Kabati limekaa! Droo sita, rangi ya kijivu, hakuna kinachocheza. Kiti cha zamani Cheche kampa fundi viti, kimeshachanwa sponji. Baba kauliza tunaanza lini. Jumatatu saa moja asubuhi, nikamjibu, mikono imejaa rangi, wala sikugeuka kumtazama.

Jumatatu, 17 Machi

Ninaandika ndani ya gari, mbele ya nyumba. Saa moja na dakika kumi.

Nilitoka nikamkuta Baba barazani. Amenyoa. Ovaroli ya buluu imepigwa pasi — kaipiga mwenyewe, kwa macho yale! Kwapani ana mto mdogo wa kukalia, maana gari humuumiza mgongo. Mjinga mimi. Alikuwa amesema "tunaanza", nami nikasikia neno la kawaida.

Nikaingia upande wangu. Yeye akapapasa mlango wa abiria, akafungua, akatanguliza mto. Ukagonga chuma.

Akapitisha vidole kwenye droo, moja moja, kutoka juu hadi chini. Akavuta ya tatu, akaisukuma ikarudi.

"Cheche kachomelea vizuri," akasema. Kisha, "Mimi nakaa wapi, Mama?"

Ananiita hivyo, nimerithi jina la mama yake. Hakuna hasira kwenye sauti. Anauliza tu, kama anavyouliza bisibisi iko wapi, akijua nitampa.

Nikamwambia asubiri kidogo, kuna kitu naangalia kwenye daftari. Ndilo hili. Mteja wa kwanza kapiga simu mara mbili, pampu imemgomea. Nyuma kuna jiliwa na jenereta, hapa mbele kuna mimi na kabati. Baba bado amesimama, mkono mmoja kwenye mlango, mto kaurudisha kwapani. Ananiambia nisiharakishe, niandike nimalize.