Gari Lililooza Ndani ya Waranti

3 Machi

Kwa wifi yangu,

Hujambo? Watoto wanaendeleaje? Huku mimi mzima, na mama hajambo, ila kifua kinamsumbua asubuhi. Nakuandikia kazini kwako kwa sababu simu zangu hupokei.

Lile gari jeupe ulilonishauri ninunue, la kubebea mashuka ya hospitali, limeshika kutu. Lina miezi ishirini tu. Ilianza kama vipele chini ya mlango, rangi ikavimba, nikaibonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Kitabu cha gari kinasema waranti ya kutu ni miaka mitano, basi nikapeleka madai hapo kwenu nilikolinunua. Jana nimejibiwa kuwa hayakubaliki, eti mteja anabeba nguo mbichi kila siku na maji yamekula bodi. Nikashuka na barua mpaka chini, nikakuta sahihi yako.

Wifi, gari lile umelipanda. Unajua mashuka hupakiwa yakiwa yamekauka na kupigwa pasi. Maji hayo umeyaona wapi?

Ifute barua hiyo.

Wifi yako,
Dobi


19 Machi

Wifi,

Salamu nimezipata. Sisi wazima, na mdogo wako anakusalimu. Mpe mama pole ya kifua.

Barua za kukataa madai natia sahihi arobaini kwa wiki. Mkaguzi ndiye anayekagua, mimi naandika alichoona. Kama hukuridhika, kata rufaa: jaza fomu, piga picha kumi na mbili, ambatanisha karatasi za kila huduma uliyolifanyia gari. Ndivyo wanavyofanya wateja wote, na wewe ukishaingia hapa ni mteja. Kununua sikukulazimisha. Uliniuliza gari zuri ni lipi, nikakujibu kama ambavyo ningemjibu mtu yeyote.

Na usiniandikie tena ofisini. Bahasha zinafunguliwa mapokezi, na mwandiko wako unasomeka mpaka barabarani.

Mke wa mdogo wako


28 Aprili

Mke wa mdogo wangu,

Nadhani mko salama. Mama kifua kimetulia.

Fomu nilijaza. Picha nilipiga, mkasema zina giza. Nikapiga nyingine, mkasema zina mwanga mwingi. Za tatu mkasema zimechelewa. Kisha akaja mkaguzi wenu, yule wa tai nyekundu. Akalizunguka gari mara moja, akagonga mlango kwa kalamu, akainama akanusa, akaandika kwamba nabeba vitu vya chumvi. Nikamuuliza chumvi gani. Akasema labda jasho la wagonjwa.

Nimekwenda kwa fundi wa bodi. Akabandua ubao wa ndani ya mlango, akaniita nichungulie. Bati tupu, hakuna hata tone la rangi. Akasema, "Mama, hili halikuharibikia kwako. Limetoka kiwandani likiwa uchi." Mwaka huu ameshaona matatu ya namna hiyo.

Nina swali moja, ulijibu bila kuzunguka. Ulijua?

Dobi


11 Mei

Wifi,

Sitauliza hali yako, jana nimeiona kwa macho yangu. Umeegesha gari mbele ya lango la yadi yetu, umechora duara jekundu kila penye kutu, na ubavuni umeandika NJOONI MSHIKE. Wateja wawili waligeuzia palepale. Meneja akaniita, akaniuliza huyu mwanamke ni nani wangu. Nikamwambia simjui.

Ndiyo, nimekukana, na nilipotoka mle ndani sikujuta. Tangu niolewe hukunitaka. Watoto wangu ulisema wana sura za kwetu, ukasema kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Sasa umepata fimbo ya kunichapia. Nyumbani mdogo wako hanisemeshi. Anakula, anaoga, anaondoka, na yote hayo kwa ajili ya bati.

Liondoe. La sivyo watakuja polisi, na maelezo nitayaandika mimi mwenyewe.

Mke wa mdogo wako


2 Julai

Mke wa mdogo wangu,

Mama yuko wodi ya mifupa tangu juzi. Nilikuwa nampeleka kliniki. Tulipopita kwenye tuta, kiti chake kiling'oka. Sakafu ilikuwa imeliwa chini ya zulia, nati zikatoka na kipande cha bati. Mguu wake ukaingia kwenye tundu na kugusa lami gari likiwa linatembea. Umevunjika mahali pawili. Nilipofunga breki nilimsikia anasema polepole, "Nitoe, mwanangu, nitoe," kama mtu anayeomba maji.

Mdogo wangu amelia mbele ya manesi. Wewe hujaja. Usije.

Swali langu hujalijibu.

Dobi


30 Julai

Wifi,

Natumaini mama anapata usingizi.

Nilijua. Siku unanunua sikujua, amini usiamini. Waraka uliomo ndani ya bahasha hii ulitufikia Januari. Unasema magari ya toleo lako yalirukwa kiwandani yasipakwe dawa ya kuzuia kutu, na sisi tukaagizwa tukatae madai yote, isipokuwa ya wale wenye mawakili. Namba ya gari lako iko ukurasa wa tatu. Niliiona, kisha nikatia sahihi.

Usidhani nimelainika. Wewe nawe ulijua gari linaoza, na ukampandisha mama humo. Waraka huu nakuletea kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Wakijua nani katoa karatasi hii, kazi sina, na mahakamani huenda nikafikishwa. Fanya utakavyo. Ndivyo ulivyozoea.

Mke wa mdogo wako


14 Septemba

Wifi,

Mama ameanza kutembea kwa magongo. Analalamika chakula changu hakina ladha, kwa hiyo najua anapona. Anakuulizia.

Wakili wangu aliwapelekea wakubwa wako nakala ya waraka. Siku ya tatu meneja wenu akaja mwenyewe, na mkaguzi nyuma yake. Walikaa sebuleni kwangu katikati ya mafurushi ya mashuka. Wakasema nitapewa gari jipya wiki hiyohiyo, na mama atatibiwa mpaka apone. Wao wanataka mambo mawili tu: nitie sahihi kwamba nitanyamaza, na niandike jina la aliyenipa waraka. Wakaniwekea kalamu juu ya meza.

Wifi, jina lako lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na hamu ya kulitema nilikuwa nayo. Niliishika kalamu ile. Niliishika muda mrefu mpaka meneja akatabasamu. Kisha nikamrudishia. Nikamwambia, "Jina siandiki, na kunyamaza sinyamazi."

Basi kesi inaendelea, na wakili anasema itavuka mwaka. Mashuka nayapeleka kwa mkokoteni wa kukodi, nasukuma mwenyewe, safari tatu kwa siku. Mgongo unaniuma.

Uliyosema kuhusu mimi na mama ni kweli, na sijakusamehe kwa kuyasema. Wala usinishukuru. Jumapili njoo umwone, baada ya saa nane. Mimi nitakuwa nimetoka.

Dada wa mumeo