Kipara cha Likizo

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba, salamu zako nimezipokea. Huku Kisaka tu wazima, yule ng'ombe mwekundu amezaa, na baba yako bado anaendesha lori usiku na mchana.

Unaniuliza kama niliwahi kufuata fasheni, maana kusuka ni ghali huko chuoni na wenzako wananyoa vipara. Niliwahi. Miaka ya hamsini, nikiwa shule ya misheni, mke wa mwalimu mgeni alikuja na kipara kinachong'aa kwa mafuta. Sisi hatukuwa na hela ya mafuta ya dukani, tukanyoana kwa wembe na kujipaka samli.

Likizo nikarudi nyumbani nikijiona mrembo. Kaka yangu Mwita alikuwa Kenya, kwenye mashamba ya chai, na kwetu msichana alinyolewa hivyo akifiwa. Mama alikuwa anapalilia ulezi. Alipoona kichwa changu, jembe likamponyoka.

"Ni Mwita?"

Niliinama haraka kumwokotea jembe. Akapiga yowe, na wanawake wa mashamba ya jirani wakalipokea.

"Mama, ni urembo tu," nilisema mwishowe.

Hakunipiga. Alinifunga kitambaa kichwani. Kila jioni tulitazama njia, mimi nikiogopa kwamba nimemletea kaka kifo kwa kunyoa bila msiba, hadi alipofika Krismasi.

Wewe nyoa, mjukuu wangu, utapendeza. Ila nipigie simu kabla hujaja. Baba yako yuko barabarani, nami nisije nikakuona ghafla pale langoni.

Bibi yako,
Ghati