Kibati cha Namba Moja

Namba 1 (bado),
Chumba cha nyuma, dirisha la kuelekea tangi la maji.
Jumamosi, tarehe 14, saa nane mchana.

Mpendwa Shangazi,

Kabla sijakusalimu, naomba niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: mimi ndiye niliyechana ukurasa wa kwanza wa daftari la mtaa. Si panya. Si unyevu. Na si Fundi Cherehani, ingawa mtaa mzima sasa unamtazama yeye. Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu, ningeishia kwenye salamu.

Sasa shikamoo, Shangazi. Hujambo huko? Mgongo unaendeleaje, na yule daktari aliyekukataza kuinama, bado unainama akigeuka? Mapacha wako hawajambo? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la barabara, Baba yuko zamu ya asubuhi wiki hii, na Babu ni mzima kutushinda wote. Nisamehe kwa kuandika badala ya kupiga. Simu ya hapa nyumbani unaijua: ikilia inawekwa sauti kubwa, kila mtu anachangia, na mimi nikipewa nasema "mzima" halafu naipitisha kwa mwingine kama sahani ya moto.

Miaka kumi na miwili hujafika, na mtaa wako umekua hadi usingeujua. Lile shimo la udongo wa matofali mlimokuwa mkiteleza na Baba mkiwa wadogo sasa ni ghorofa tano, na kila roshani imeanikwa shuka. Bomba la maji la mtaa mzima halipo tena. Pale pana fundi wa simu, ila koki yenyewe ilibaki imetokeza ukutani, na yeye huning'iniza koti lake. Tanuri la matofali lilizimwa zamani. Barabara inapanuliwa mara ya pili, na ndiyo iliyoleta haya yote.

Mwezi uliopita alikuja mpimaji kutoka ofisi za jiji, na kazi yake ni kuzipa nyumba namba mpya kwa mstari, upande huu witiri, upande ule shufwa, kama mitaa ya watu wengine. Wewe unajua namba zetu zilivyo, lakini ngoja niandike kama nilivyolazimika kumweleza yeye, maana alinitazama kama mtu anayetaniwa. Nilimwambia hapa nyumba haipewi namba kwa mahali ilipo. Inapewa siku paa linapokamilika. Mnaita majirani, kifuniko cha kopo kinatobolewa kwa msumari mpaka namba itokeze, kinapigiliwa mlangoni, hicho ndicho kibati chako, basi umekuwa mtu wa mtaa. Ukibomoa ukajenga upya, paa jipya namba mpya. Ndiyo maana namba 4 iko kati ya 31 na 62, na sisi namba 1 tumepakana ukuta mmoja na namba 58, kwa Fundi Cherehani. Mpimaji akafunga kalamu yake, akauliza, "Hivi mlikuwa mnahesabu huku mnakimbia?" Babu alicheka hadi akatafuta pa kushika.

Pamoja na namba mpya, jiji litajenga ubao wa zege pale mtaa unapoanzia, na juu yake historia yetu kwa lugha mbili: nani alianza, nani alifuata, maji yalikuja lini, umeme lini. Jina la kaya ya kwanza litakaa juu kabisa, peke yake. Mwenyekiti wa mtaa akasimama kwenye kikao akasema, "Msomi wa lugha mbili tunaye, tena mjukuu wa Namba Moja!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilitafuta mahali pa kuingiza uso.

Hivyo ndivyo daftari lilivyofika mikononi mwangu. Kwanza alipewa Fundi alishone jalada upya, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umekufa, halafu Babu akaniletea mwenyewe, amelishika kwa mikono miwili. "Haya, Karani. Nakili, usiongeze chumvi." Babu ndiye aliyekuwa akiandika daftari tangu enzi za tanuri. Mwandiko wote ni wake.

Shangazi, daftari lile watu hulifungulia nyuma, kule zinakoandikwa namba mpya. Ukimtoa Babu, sidhani kama kuna aliye hai aliyewahi kufungua mbele. Mimi nilifungua mbele kwa sababu shuleni tumefundishwa kuanza mwanzo.

Namba 1 haikuwa Babu. Namba 1 iliandikwa "Mama mjane, mshonaji", yaani mama yake Fundi. Babu yuko chini, mstari wa kumi na sita. Na kando ya namba 1 pameandikwa, kwa mwandiko uleule mzuri wa Babu: "Nyumba imebomolewa kupisha barabara. Kibati kinatunzwa na namba 16 hadi mwenyewe ajenge tena."

Nikasoma mara tatu. Nikasoma tena kwa sauti ndogo. Halafu sijui nini kilitokea. Ningekuambia nilitaka kumlinda Babu, ungenihurumia, lakini siyo kweli kabisa; sikuwaza chochote. Nilisikia karatasi ikichanika, nikatazama, kumbe ni mkono wangu. Nikaukunja ukurasa mara nne, nikauweka chini ya kitambaa cha plastiki cha meza hii, upande ninaokalia.

Unazikumbuka hadithi za Babu za siku ya kwanza. Alivyolala peke yake hapa na vyura wa shimoni. Mwaka juzi vyura walikuwa wawili, mwaka huu ni jeshi, na mmoja alimsalimia. Tumekua na hadithi hiyo. Baba akijitambulisha popote husema "sisi wa Namba Moja". Nami, nisiyejua kuongea mbele za watu, nilikuwa na hilo moja tu la kuvaa.

Jana nililegeza kibati cha mlangoni kwa mpini wa kijiko. Nyuma yake pana alama ya kutu ya kibati kingine, kikubwa zaidi, na matundu mengine ya misumari. Kwa hiyo ni kweli. Tuliwahi kuwa kumi na sita.

Kinachonivuruga si kwamba Babu alidanganya. Ni kwamba sijui kama alidanganya. Mtu anayetaka kuficha haandiki ukweli vizuri namna ile, kisha akamletea mjukuu wake anakili. Mama yake Fundi alijenga tena, nyuma ya kiwanja kilichobaki, na aliyempa 58 ni Babu huyohuyo, nimeona mwandiko. Je, alifuata sheria, paa jipya namba mpya? Au alishazoea kibati? Au alisahau? Au anakumbuka sana, na alinipa daftari ili mtu mwingine aseme kitu ambacho yeye hawezi kukisema? Nikishika jibu moja, la pili linanivuta nguo.

Baada ya kuchana nikaandika historia kwa lugha ya shule kwanza. Ilitiririka. Mkazi wa kwanza Babu yangu, vyura, tanuri, bomba, umeme, ukurasa mzima bila kufuta neno. Nikaanza kwa lugha yetu, kalamu ikakataa. Kule sentensi haina sauti ya mtu. Huku kila nikiandika "mkazi wa kwanza" nasikia kama namwambia Fundi, ng'ambo ya ukuta, akiwa na pini mdomoni.

Jumatano nikarudisha daftari. Tulikuwa barazani kwa Mwenyekiti, watu kama ishirini. Kama kawaida akalifungulia nyuma, na karatasi ya mwisho ikabaki mkononi mwake. Sikujua, Shangazi! Daftari la kushonwa, karatasi ya kwanza na ya mwisho ni karatasi moja iliyokunjwa katikati. Nilichana mbele nikaacha yatima nyuma. Fundi wa simu, ambaye ni namba 112, akaishika ile karatasi akapiga kelele, "Jamani, nyumba yangu imeng'oka!" Watu wakacheka. Kisha wakageuza mbele, kicheko kikaisha.

Mwenyekiti akasema, "Fundi, mkasi umeteleza?"

"Mkasi wangu hautelezi, Mwenyekiti. Labda macho ya watu."

"Ni wewe uliyekaa nalo wiki nzima."

"Nilikaa nalo kulishona, sikukaa nalo kulifumua."

Nyuma mtu akatupa neno, "Hamsini na nane kamuonea kijicho Namba Moja!" Wakacheka tena, kicheko kingine, kisichopendeza. Babu alikuwa amekaa mbele. Nilimtazama nikingoja aseme lililokuwamo kwenye ukurasa, kwa sababu yeye ndiye aliyeuandika. Alitazama viatu vyake. Akavitazama kwa muda mrefu sana, na ni viatu alivyovaa miaka yote.

Fundi akaomba daftari. Akapitisha kidole kwenye uzi wake, tundu kwa tundu, na mimi nikaona alichokiona: vipande vidogo vya karatasi vimebaki chini ya uzi. Kama angekata kabla ya kushona, uzi ungeshika karatasi nyingine, safi. Ulichanwa baada ya yeye kumaliza. Na baada yake tulikuwa Babu na mimi tu. Akainua macho akanitazama kwa kiasi cha kutunga uzi kwenye sindano, basi. Akalirudisha daftari mezani. "Sawa," akasema. Akaondoka.

Tangu hapo wanawake watatu wamekwenda kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Kwa heshima zote, eti wameghairi mshono. Cherehani yake nimeisikia ukutani tangu nizaliwe, nilijifunza kuhesabu nayo, na tangu juzi imenyamaza. Hujui ukuta ulivyo mnene mpaka unyamaze.

Juzi hiyo hiyo aliniita nipime sketi ya shule anayonipindia. Nilisimama juu ya kigoda, yeye amepiga magoti na pini zake. Nilikuwa na sentensi nimeiandaa. Nilikuwa nayo kwa lugha zote mbili. Akasema, "Sisimizi, simama wima mwanangu. Ukijikunja hivyo upindo utakaa upande." Nikasimama wima. Akapinda. Nikasema asante Fundi, nikatoka. Hiyo ndiyo hotuba yangu yote.

Jumatatu kuna kikao. Mwenyekiti amesema Fundi aje na ukurasa au na maelezo, la sivyo anatoka kwenye kamati ya mtaa, na historia ya ubao itaandikwa kwa mdomo wa Babu, kwa kuwa ndiye "shahidi aliyebaki". Mpimaji atachukua karatasi ya historia jioni hiyo hiyo. Zege likishaandikwa limeandikwa. Babu, ambaye ndiye atakayezindua ubao, anafanya mazoezi ya kuvuta pazia lake kwa taulo, mbele ya kabati lenye kioo, na Mama ameshamnyooshea koti. Mara mbili nimemkuta amesimama na taulo mkononi bila kulivuta.

Nilianza barua hii nikuulize. Wewe ulikuwa na miaka tisa barabara ilipopita mara ya kwanza. Je, unakumbuka mama yake Fundi akimpa Babu kibati, au Babu alikiokota kwenye kifusi? Kilipigiliwa mlangoni kwetu mchana, watu wakiona? Kuna siku alijaribu kukirudisha? Maana kama ulikuwapo, na sisi tukiitwa Namba Moja umekaa kimya, basi labda ukimya huu nimeurithi kwako, na nisikulaumu.

Lakini nimepiga hesabu. Barua itakufikia baada ya siku kumi hivi, na jibu lako siku nyingine kumi. Nilijua hilo tangu nilipoandika tarehe pale juu. Nadhani sikuwa nakuuliza. Nadhani nilikuwa najizoeza kusema kwa mtu asiyeweza kunikatiza.

Wasalimie mapacha, waambie zile penseli za rangi walizonitumia bado ninazo, isipokuwa ya kijani. Msalimie na yule jirani yako mpishi anayekuletea mkate. Mama anakusalimu, Baba anakusalimu na anasema ile picha yake akiwa hana meno uirudishe. Fundi Cherehani hajanituma salamu, lakini miaka yote huuliza, "Yule wangu wa shimoni hajambo?", kwa hiyo nakupa zake pia.

Mlango wa mbele umefunguliwa. Ni Babu, hatua moja nzito, moja nyepesi, tangu alipoanguka bafuni, na fimbo katikati. Amesimama kwanza kwenye kibati, kama afanyavyo siku hizi akiingia. Hatua zinakuja ukumbini.

Shangazi, ukurasa nilikuwa nimeutoa chini ya plastiki ili ninakili maneno yake sawasawa, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kuuvutia barua juu yake. Nimeurudisha mkono. Nimeukunjua ukurasa wote, mikunjo minne, nimeuweka katikati ya meza, maandishi yakielekea mlangoni ili asihangaike kugeuza shingo. Sijui atasema nini. Sijui mimi nitasema nini. Ila Jumatatu nitakwenda kikaoni na ukurasa huu, naye akiwa pembeni yangu au bila yeye.

Mungu akutunze mgongo na macho, na akufikishe nyumbani siku moja, kwa namba yoyote tutakayokuwa nayo.

Anabisha hodi. Babu hajawahi kunibishia hodi maisha yake yote.

Mimi wako nikupendaye, mtoto wa kaka yako,
Sisimizi