Uzi wa Bluu kwenye Mto wa Binti Yangu

Mshauri wetu wa gazeti, pokea salamu zangu nyingi, mimi mama wa watoto watatu, na pokea salamu za kila mtu humu ndani ingawa hawajui kama nakuandikia. Baba watoto hajambo, anachora mabango ya maduka na mkono wake bado haujatetemeka. Mama mkwe hajambo, ni magoti tu yanamsumbua. Mwanangu wa kwanza hajambo, ni karani kwenye ofisi ya ghorofa ya tano. Kitinda mimba wangu, huyu tunamwita Kasuku kwa sababu kunyamaza hakujui, hajambo na yuko shule. Wa katikati, binti yangu msusi, huyo sijui niseme hajambo au niseme nini, na ndiye aliyenifanya nichukue kalamu, na unisamehe mwandiko, shule niliishia darasa la nne, nukta na koma zinanikimbia.

Mimi nafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, huu ni mwaka wa kumi na saba. Mvuke ukijaa mle ndani mwenzako unamwona kama mtu aliyesimama ndani ya maziwa, unasikia sauti yake kwanza ndipo mkono wake unatokea umeshika ncha ya shuka. Kazi yangu hasa ni sindano. Shuka likichanika nalishona, likija jipya nalitia alama pembeni, kishono kidogo tu cha uzi, bluu wodi ya kina mama, njano watoto, nyekundu upasuaji, kijani wazee, ili likishafuliwa lijue kwao. Miaka yote hiyo hakuna shuka langu lililopotea njia.

Sasa siku moja kwenye mfuko wa koti la muuguzi ikatoka karatasi, imeshafuliwa pamoja na koti. Nikaianika kwenye kamba katikati ya foronya mbili, ikakauka, nikaipiga pasi. Juu imeandikwa Yafahamu Magonjwa Makuu ya Akili. Chini maandishi yalikuwa yameondoka na maji, pamebaki peupe. Nikaisoma siku tatu wakati wa chai, silabi kwa silabi, midomo ikinicheza mpaka wenzangu wakaniuliza kama nasali. Kuna wasiwasi uliopita kiasi, kuna sonona, kuna ule wa mtu kupanda juu sana halafu kushuka chini sana, kuna wa kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuna wa kurudiarudia jambo lile lile, kuna wa mtu aliyepatwa na jambo baya na likakataa kumtoka kichwani. Mshauri, karibu kila nililolisoma nililikuta nyumbani kwangu limekaa kwenye kiti.

Mwanangu wa kwanza hapandi lifti, ghorofa zote tano anakwenda kwa miguu, anasema lile sanduku linamkaba. Baba watoto hatoki nyumbani mpaka arudi mara tatu kulishika jiko kama limezima, hata siku ambayo hatukupika. Mama mkwe kila asubuhi anaweka kikombe cha pili mezani na kumsimulia habari marehemu mumewe, na anamcheka akikosa kujibu. Kasuku leo anaruka, kesho ukimsalimia anakuona umemtukana. Basi nikachukua nyuzi zangu, mshauri, na hapa ndipo nilipokosea, nikawatia alama kwenye foronya zao kwa ndani, mahali pasipoonekana. Wa kwanza njano. Baba yao kijani. Mama mkwe nyekundu. Kasuku nikakosa rangi, maana magonjwa yalikuwa sita na nyuzi ninazo nne, nikamsokotea njano na nyekundu pamoja. Sikuwa na nia mbaya. Niliona tu kwamba kitu nikishakitia alama hakinipotei.

Binti yangu nikamtia bluu, ya sonona. Huyu mtoto alikuwa anasuka huku anaimba puani, wateja wanasinzia mikononi mwake, wakiamka nywele zimeisha. Sasa ni wiki ya sita hajaenda saluni. Anakaa kitandani ameelekea dirishani, nje ni ukuta wa jirani tu, anautazama kama unasogea. Chakula ni vijiko viwili. Nywele zake mwenyewe, yeye msusi, hajazifumua, zimeota chini vidole viwili. Nikimuuliza unaumwa wapi anasema haumwi, ila mwili umekuwa kama blanketi lililolowa, na mimi najua uzito wa blanketi lililolowa. Wifi yangu anasema mtoto anadeka, apewe ndoo adeki, kudeka kutamtoka. Baba watoto anasema ni mambo ya mapenzi, yatapita. Mimi nikanyamaza, nikasema uzi upo.

Jumamosi iliyopita mchana akageuza foronya yake akauona. Akainuka, na nilifurahi kumwona ameinuka, akazunguka chumba kwa chumba taratibu kama mtu anayeokota maua, akarudi na mito yote mitano akaipanga kwenye benchi, mishono juu. Akaniuliza, "Mama, mimi ni wa wodi gani?" Nikamweleza ukweli wote, karatasi na rangi zake. Akausikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kumbe uliona. Uliona, ukashona, ukanyamaza."

Naye akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema mvua itanyesha, "Mama, natamani nilale tu nisiamke tena." Akaingia ndani, na tangu hapo hasemi na mimi.

Nikifikiria kumpeleka hospitali, kliniki ya mambo hayo iko palepale kazini kwangu, mwisho wa korido, sisi wafuaji tunaiita mlango wa mwisho. Tukimwona mtu anaelekea huko tunatupiana maneno, huyo kamba zimelegea, huyo mashine inazunguka bila maji, na mimi nilicheka, mshauri, nilicheka miaka kumi na saba. Sasa nipite mbele ya wenzangu hao nimemshika mkono mwanangu? Na kama nimekosea rangi je? Kama si bluu?

Sina raha. Juzi nikiwa naanika uani hospitalini, jua kali, shuka nyeupe safu kwa safu zinapumua kwa upepo, nikaiona miguu yake chini ya shuka, miguu ya binti yangu, peku. Nikafunua shuka, hayupo, nikafunua la pili, hayupo, nikazifunua zote mpaka ukutani. Nilikuwa macho kabisa. Siku hizi naacha mashine mara kwa mara nikapige simu nyumbani, mama mkwe aniambie kama yupo. Nikirudi naweka sikio mlangoni nisikie anavyopumua, nikisikia natoka, halafu sijiamini, narudi tena. Moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa. Vidole nimevichoma sindano vyote.

Niambie, uzi niliomtia ndio wenyewe? Na nifanye nini? Nakuomba usiiache barua hii chini ya nyingine. Namba ya simu ya chumba cha kufulia nimeiandika nyuma ya karatasi hii, ukipiga tunaisikia mashine zikinyamaza. Nijibu upesi, mshauri, upesi sana.

Ni mimi, mama wa chumba cha kufulia.

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa chumba cha kufulia, barua yako ilifika Jumatatu asubuhi na sikulingoja gazeti. Nilipiga namba ile, ukapokea mashine ziliponyamaza, na unakumbuka nilikuambia neno moja tu: leo. Mtu akisema anatamani asiamke, hatumwachi peke yake, wala hatungoji ajisikie vizuri. Nilikwambia uvue aproni, urudi nyumbani, uziweke mbali dawa, nyembe na mikasi yake ya kazi, umuulize waziwazi kama anawaza kujiua, kisha umpeleke kwenye mlango huo huo wa mwisho. Uliniuliza kama swali hilo halitampa wazo. Halimpi. Linampa mtu wa kumwambia. Haya mengine nayaandika siku hiyo hiyo, kabla sijajua mmefika wapi, kwa ajili yako na kwa wengine wenye karatasi kama hiyo mifukoni.

Kwanza nikugombeze, ili tumalize. Wewe umesoma juu ya karatasi, ukatunga hukumu, na chini kulikuwa kumefutika. Karatasi za namna hiyo ninazijua. Sehemu ile nyeupe ndiyo huwa imeandikwa kwamba dalili peke yake hazitoshi, mtu akapimwe na mtaalamu. Ulipiga pasi maneno yote isipokuwa hayo.

Mwanao anaogopa lifti, lakini anapanda ngazi, anafika kazini, anarudi nyumbani. Kila mtu ana kitu anachokiogopa. Hofu inakuwa ugonjwa inapoanza kumfungia mtu maisha: ofisi inamshinda, barabara inamshinda, usingizi unakimbia. Mumeo anashika jiko mara tatu, kisha anakwenda kuchora bango. Angekuwa anashika mara sitini na bango halichorwi, tungekuwa na maneno mengine. Mama mkwe anajua vizuri kwamba mumewe amekufa, mwenyewe unasema anamcheka asipojibu. Huo ni upendo uliokosa pa kukaa, mwache na kikombe chake. Mwenye ule ugonjwa mwingine anasikia sauti kama unavyonisikia mimi kwenye simu, nyingine zinamwamrisha, na ukimwambia hazipo anakuona wewe ndiye mwongo. Kasuku ni kijana anayekua. Kupanda na kushuka kwa ugonjwa si kwa leo na kesho: ni siku nyingi mtu halali, anajiona anaweza kuruka na kununua mji mzima, kisha siku nyingi nyingine hawezi hata kuinua mswaki. Na ule wa sita kwenye karatasi yako, wa mtu anayerudiwa na jambo baya kila akisikia kishindo, hukumpa mtu yeyote, na nashukuru nyuzi zilikwisha.

Kwa binti, jicho lako liliona sawa. Zaidi ya wiki mbili, kazi imesimama, chakula kimesimama, mwili mzito, na maneno yale. Sonona inafanana na hayo, lakini jina lake la mwisho atalitoa daktari, maana hata ugonjwa wa tezi ya shingo au upungufu wa damu unaweza kumlaza mtu hivyo. Unaniuliza kama rangi ndiyo yenyewe. Mama, shuka likiwaka moto huulizi ni la wodi gani. Na ujue jambo moja: ni ugonjwa unaotibika. Akipewa dawa, zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, asiache njiani, na mazungumzo na mtaalamu ni sehemu ya tiba. Wifi yako mkaribishe aje kupika, ulimi auache kwake.

Kuhusu wafuaji wenzako: watatazama. Wacha watazame. Nakuhakikishia kati yao yuko mwenye mtu wake nyumbani, naye alicheka kama ulivyocheka wewe, kwa hofu. Atakayefungua mlango ule mbele yao ni wewe, na utawarahisishia wengi.

Ukirudi, fumua nyuzi zote mbele yake, ukae naye. Usimweleze sana. Mwambie uliona, ukaogopa, na sasa hutanyamaza. Siku atakayokuruhusu, mfumue na nywele.

Na kuna jambo sikukuambia kwenye simu, maana nilitaka uondoke upesi. Umenitajia mito mitano kwenye benchi, na humo ndani mnalala watu sita. Yupo mmoja ambaye moyo unamwenda mbio akiwa amekaa, anayerudi mlangoni kusikiliza hata akishasikia, anayeona miguu chini ya shuka mchana kweupe, vidole vimejaa matundu. Huyo hakutiwa uzi na mtu, na wala asitiwe. Ila mkirudi tena mlango ule, binti akimaliza kusema na daktari, usiinuke haraka kukimbilia mashine. Kaa kwenye kiti hicho hicho, useme na yako.

Kisha uniandikie, hata mstari mmoja. Nukta na koma usizijali.