Pawa Saplai ya Calist

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Calist kaja dukani kwangu na kompyuta yake ya gemu, kaikumbatia kama mtoto mgonjwa. Huyu kinyozi wa karibu na stesheni, anayenyoa huku anaimba. Kaweka kadi mpya ya picha, na sasa gemu likikolea mashine inazima ghafla. Nikamwambia pawa saplai, kile kisanduku cha kuilisha umeme, imezidiwa. Achukue ipi? Nikamweleza vizuri — usisome maandishi, ipime mkononi. Ya uhakika ni nzito, nyaya zake nene. Niliyoagiza ya namna hiyo iko njiani kutoka Dar, wiki ijayo itafika, asubiri.

Hawezi kusubiri. Jumamosi ana mashindano. Akashika ile nyepesi ya kwenye shelfu, imeandikwa wati 650.

"Kaka, hii nayo ni ya uhakika?"

Nikasema ndiyo.

Haifiki hata nusu ya hizo wati. Najua. Ninazo kadhaa za hivyo, zimekaa sana pale, nilitaka zitoke. Basi.

Ijumaa, 5 Septemba

Upepo na vumbi kutwa. Umeme unakuja, unakatika, unakuja. Calist katuma ujumbe: mashine inakimbia safi, ila kuna harufu kama plastiki inaungua. Nikamjibu ni upya tu, itaisha.

Jumapili, 7 Septemba

Mungu wangu.

Jana saa kumi jioni chumba cha Calist kimeungua. Alikuwa katikati ya mashindano. Moto ulitokea nyuma ya kesi ya kompyuta, ukashika pazia, na upepo huu! Paa lote la upande ule limekwenda. Mama yake alikuwa kisimani. Calist alitoka salama kabisa — halafu akarudi ndani kuchomoa waya. Kaungua mikono yote miwili.

Kanisani kila mtu anasema ni umeme ulirudi kwa nguvu. Nikaitikia. Hata nikaongeza kwamba siku hizi ndivyo ulivyo.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda hospitali. Nikamwamkia mama yake, Mama Febronia, akaitikia marahaba akanishika bega. Anasema wengine mpaka wapigiwe simu, mimi nimekuja mwenyewe.

Calist kafungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Vidole havionekani. Daktari kawaambia vya mkono wa kulia huenda visikunjike tena. Kinyozi!

Mama alipotoka kuchukua maji ya moto, Calist akaniuliza kwa sauti ndogo kama alikosea kuchomeka pasi na kompyuta kwenye ekstensheni moja. Hajalala kwa kuwaza hiyo pasi. Nyumba aliijenga marehemu baba yake.

Ningeweza kusema pale pale. Mlango umefungwa, tuko wawili. Nikamwambia asijichoshe, apumzike.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo nimefungua moja ya zile nyepesi zilizobaki. Miaka minane nauza vitu hivi na sijawahi kufungua ya aina hii. Ndani pana uwazi mtupu. Vile vifaa vya kukata umeme ukizidi — nafasi zake zimechorwa kwenye bodi, vifaa vyenyewe havipo. Hata tundu za kuvichomelea ziko wazi. Nilikaa naiangalia mpaka chai ikapoa.

Mchana Mama Febronia kaja dukani na kiroba. Ndani yake kesi ya kompyuta, nyeusi tii. Wajomba wanakaa kikao Jumapili. Wanasema Calist kateketeza nyumba kwa mchezo wa kitoto, kwa hiyo atafute pa kukaa.

"Wewe fundi, mwanangu. Ikague uje useme mbele yao. Wewe watakusikiliza."

Sikuhitaji kukagua. Pawa saplai imeyeyuka, vingine vimeungua kwa nje tu.

Jumapili, 14 Septemba

Naandikia nyuma ya jiko lao, nimekaa kwenye ndoo. Kikao kimesimama kidogo, watu wanakula.

Nilikuja nimeyapanga maneno. Mke wangu, Belinda, nilimwambia asubuhi kwamba nitasema yote. Akasema, sema.

Ila Mjomba Nathanaeli akaanza na Calist. Calist kasimama, mikono kaiinua mbele kifuani kama si yake. Kasema fundi alimwambia asubiri ile nzito ya kutoka Dar, yeye ndiye aliyekuwa na haraka. Kwamba kosa ni lake peke yake.

Wote wakanigeukia. Mjomba akauliza, ni kweli ulimwambia asubiri?

Ni kweli. Nilimwambia. Nikaitikia kwa kichwa, na kwamba nilimwambia hata ile nyepesi ni ya uhakika, sikutaja! Mjomba kasema tule kwanza, halafu fundi asimame aeleze kwa mdomo, kisha wao wakate shauri.

Kutoka hapa naona uani. Mama Febronia anamlisha Calist ugali tonge kwa tonge, anapuliza kwanza. Calist hamtazami mama yake. Sahani yangu aliileta yeye Mama, kabla hata ya kumpakulia kaka yake, Mjomba Nathanaeli. Paja la kuku. Sijaligusa.

Mjomba kanawa. Anaita, "Fundi Zefania! Njoo tukusikie."

Nimemjibu nakuja. Sauti imetoka ya kawaida kabisa, kama ya mtu asiye na la kuficha —