Nyumba Moja, Mishahara Miwili

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za mapenzi, wewe, shemeji na wanangu wote wawili. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Mama naye hajambo? Mwambie dawa za presha humezwa kila siku, si siku ile tu anayojisikia vibaya. Mimi mwili ni mzima. Nakula, naenda kazini, na wenzangu wa eksirei bado wanalalamika kwamba naongea kuliko redio. Ya moyoni utayakuta humu humu, nipe nafasi tu niyafikie.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Dada, kwenye simu wewe nakujua. Ukisikia sauti yangu inayumba kidogo tu utaniuliza nalia nini, nami nitasema silii, tutabishana mpaka salio liishe. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Barua nampa dereva wa gari la hospitali, anapita kwenu keshokutwa.

Ujumbe wako niliupata. Nimefurahi kusikia kwamba wewe na shemeji mnataka kujiunga na kikundi chetu cha majengo, na kweli nafasi ya nyumba moja imepatikana. Umeniuliza mishahara yetu miwili ikijumlishwa inafika wapi, ili mjipime kama mtatuweza. Ukaongeza kwamba sisi ndio tulioshika pazuri, na kwamba mama akipata mgeni tu lazima amsimulie jengo la mwanawe. Nilipoisoma hiyo nilicheka, kisha nikakaa chini. Ndiyo maana jibu limechelewa.

Acha nikueleze kikundi kinavyokwenda, maana mkiingia bila kujua mtakuja kunilaumu. Tulianza nyumba sita. Tulinunua kiwanja pamoja, tukachukua mkopo benki, tukajenga ghorofa la kupangisha. Kodi ya wapangaji inalipa benki, kinachobaki tunagawana mwisho wa mwaka, na juu yake kila nyumba inatoa mchango wa kila mwezi kwa ajili ya jengo la pili. Mchango huo haulingani, na anayechanga zaidi hupata mgao mkubwa zaidi. Unapimwa kwa mshahara wa nyumba, yaani wa mume na wa mke ukijumlishwa. Mwenyekiti wetu, muuza mabati, siku ya kwanza kabisa alisimama akasema, "Hapa hatuandikishi watu, tunaandikisha nyumba." Tukampigia makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka.

Sasa sikiliza utaratibu wake. Kila mwaka tunaketi kutaja mishahara upya, na hakuna anayetaja wa kwake. Mume anataja wa mke, mke anataja wa mume. Hoja ya mwenyekiti ni kwamba watu wanaofichana mshahara ndani ya nyumba watashindwaje kuwaficha wenzao madeni? Ukiulizwa wa mwenzako ukasema hujui, au ukabainika umekosea, nyumba yenu inatoka. Mnarudishiwa mlichochanga, bila faida hata senti, na hicho pia mnakingoja mpaka mkopo wa benki uishe. Ndivyo ilivyotoka ile nyumba ambayo nafasi yake mnaitaka. Mke alitaja mshahara wa mumewe, mume akamtazama kama amemwagiwa maji, kumbe alikuwa analipwa karibu mara mbili na kwake hajasema. Waliondoka kila mtu akibamiza mlango wake wa gari.

Ungekuwepo ungecheka, dada, maana baada ya hapo ndipo kikao chenyewe kinapoanza, kule jikoni, sisi wanawake tukiosha vikombe. Mke wa daktari wa meno husema eti hawajali nani yuko juu, huku akikumbuka tarakimu ya kila nyumba kwa kichwa. Yule tunayemwita Mama Vigae, anayeuza vigae vya sakafu, hujidai masikini mpaka utamhurumia, halafu siku ya kutaja anakushinda. Na mimi usinione mtakatifu. Mwaka ule mume wangu, shemeji yako, alipopandishwa cheo kiwandani, nyumba yetu ilipanda mpaka ya pili, nikaosha vikombe vya watu wote siku hiyo huku nikiimba. Raha ile sitaificha. Unatoka pale unajiona umekamilika, una mume, una kazi, una ghorofa, na nyumba tano zimekuthibitishia.

Hayo ndiyo uliyotaka kuyajua. Sasa yale usiyoyajua.

Dada, shemeji yako hakai hapa. Huu ni mwaka wa pili. Kila ulipopiga simu nikakuambia yuko zamu, yuko safarini, yuko bafuni, nilikuwa nakudanganya. Alipanga chumba karibu na kiwanda chao cha rangi na mimi nikabaki na nyumba. Hakunipiga wala hakuniletea mwanamke, na mimi sikumkosea la kusimuliwa. Miaka yote ya ujenzi tulikuwa tunaongea usiku na mchana, lakini tulikuwa tunaongea saruji, nondo, fundi kachelewa, benki imesemaje. Jengo lilipokwisha tukakaa mezani tukatazamana, hakuna wa kuanza. Tulijaribu. Nakuapia tulijaribu. Mwisho yeye mwenyewe akasema tunachoshana, na mimi nikashukuru kwamba kalisema yeye.

Tungeachana kama watu wengine wanavyoachana, yangekwisha. Lakini kikundi kinaandikisha nyumba. Siku tukisema tumeachana, nyumba haipo, na vyote tulivyochanga tangu tuoane vinakwenda kungojea benki. Tukakubaliana tujikaze mpaka mkopo uishe. Wakati ule ilionekana ni akili. Basi ikawa kila kikao tunakutana kwanza njiani, kwenye kibanda cha muuza vocha pale stendi. Ananitajia mshahara wake, mimi namtajia wangu, tunaurudia kama watoto wanaokwenda kufanya mtihani, halafu tunakwenda kikaoni tumeshikana mikono. Muuza vocha anadhani ni wapenzi wapya. Siku moja alituambia tumependeza, shemeji yako akanunua vocha ambayo hakuihitaji kwa aibu tu.

Kwenye kikao anakaa pembeni yangu, ananiwekea sukari kwenye chai bila kuuliza ni vijiko vingapi, na watu wanatusifu. Mwaka jana mwenyekiti aliwaambia waliokuwa wanagombana watutazame sisi. Nilitaka ardhi ipasuke. Na siwezi kumpata mtu mwingine, dada, wala yeye hawezi, maana mji huu una macho na wake za wanakikundi wako kila saluni. Daktari mmoja wa pale kazini, aliyefiwa na mkewe, mtu mstaarabu, aliniomba twende tukanywe chai. Nikamwambia nina mume. Nilikwenda chumba cha kupigia picha nikavaa ile aproni nzito ya risasi ya kukinga mionzi, nikakaa nayo bila mgonjwa yeyote, mpaka mwenzangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Sasa kimeumana. Vikao vinazunguka nyumba kwa nyumba, na Jumapili ya wiki ijayo, siku ya kutaja mishahara, ni zamu yetu. Watakuja wote hapa kwangu. Kwa hiyo juzi shemeji yako alikuja na sanduku, tufanye nyumba ionekane inakaliwa na watu wawili. Tukatundika mashati yake kabatini, tukaweka mswaki wake, tukarudisha picha ya harusi ukutani. Tulicheka sana, sikatai. Nikampikia. Baada ya kula, akiwa ameinamia sahani tupu, ndipo akaniambia kwamba kiwanda kilimwachisha kazi zamani, kabla ya mwaka huu kuanza. Chumba amekirudisha kwa mwenyewe, alishindwa kodi. Nilimuuliza mbona hakusema. Alinijibu kwamba hakujua angeniambia kama nani.

Hilo lilinichoma, maana ni kweli. Mimi nami nikiumwa nisingejua nimpigie kama nani.

Kisha akasema, "Jumapili utaje ule ule wa zamani."

Nikamwambia huo mshahara haupo. Akasema wakijua haupo nyumba itashuka mpaka chini, jengo la pili tutalisikia hewani, na ule mgao wa mwisho wa mwaka ndio pekee anaoutegemea kula. Fikiria mwenyewe. Nikiutaja, mchango utapimwa kwa mishahara miwili na nitaulipa mimi kwa mmoja. Nikitaja ukweli kwamba hana kazi, tutabaki kikundini, lakini mwenyekiti atamsifu Mungu kwamba ana mke wa kumtunza, na nitakuwa mke wa kumtunza kweli. Nikisema hatuko pamoja tena, tunapoteza wote, na yeye analala wapi? Nimegeuza geuza hesabu hii mpaka kichwa kinauma. Kila nikifungua mlango mmoja nakuta chumba kile kile.

Halafu akaomba jambo lingine, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwake tangu uchumba. "Wakiondoka, nikae kwanza. Nitalala sebuleni."

Nilikusanya sahani. Tangu siku hiyo analala sebuleni bila jibu langu, na hivi ninavyoandika, nimejifungia chumbani, yeye anapaka rangi ukuta wa sebule ili wageni waukute mpya. Unajua mikono yake kwa rangi. Amechanganya mwenyewe makopo mawili ya zamani, imetoka rangi ya mchanga uliolowa, nzuri mno. Nilipoiona nilifurahi, na ile furaha ndiyo iliyonitia hofu. Maana najua itakavyokuwa. Leo ukuta, kesho bomba la jikoni, mwezi ujao nitakuwa namuuliza atarudi saa ngapi. Wala si kwa kuwa tumerudiana. Ni kwa kuwa hakuna aliyefungua mdomo. Watu wanaishi hivyo miaka arobaini, dada, nawaona kazini. Mke anamshikia mume koti akipigwa picha ya kifua, na hawana neno la kuambiana zaidi ya "shika."

Mimi siwezi. Simchukii. Ningemchukia ningeshamtoa. Namhurumia, na nimeona kwamba huruma inafunga kuliko chuki.

Kwa hiyo sikiliza nilichoamua, na usimwambie mtu. Jumapili mwenyekiti akinigeukia na kusema, "Shemeji, tutajie," nataka niseme sijui. Neno hilo tu, sijui, nyumba itoke na sisi tutoke. Nitapoteza ghorofa, najua. Mama atakosa la kuwasimulia wageni. Akiba yangu ndogo ya kazini nitamgawia nusu apange chumba, na hilo nitamwambia mwenyewe baada ya kikao, si kabla, maana kabla atanitazama na nitalegea. Hapo ndipo ninapokuhitaji.

Wanaotaka kujiunga wanaruhusiwa kuja kusikiliza. Shemeji mwache nyumbani, mwambie nimesema nafasi haijathibitika. Uje peke yako. Nitakuwekea kiti kinachotazamana na changu. Mbele ya wale watu nimezoea kudanganya mpaka nimenogewa, lakini mbele yako sijawahi kuweza, tangu tukiwa wadogo ulikuwa unaniinua kidevu tu nakiri yote.

Ule ushauri wa kujiunga, nadhani umeshaupata. Nyinyi mnafichana mshahara na bado mnacheka mezani, bakini hivyo hivyo.

Mpe mama mkono wangu, umwambie nitakuja kumwona mwezi huu, na yangu nitamwambia kwa kinywa changu. Wanangu uwabusu kila mmoja shavu lake, wasije wakagombana. Shemeji msalimie sana. Mungu akuweke, akupe miguu ya kufika.

Uje, dada. Usipokuja nitautaja tu ule mshahara wa zamani, najijua.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku