Uzi Hataki Kula

Jumapili, Julai, jua limezama bila kuonekana mchana kutwa. Mtaa wetu wote wa Tena umejikunyata. Nimevaa sweta mbili na soksi za mke wangu.

Leo nimemshika nyoka.

Nimeandika sentensi hiyo nikakaa nikiitazama. Mimi ni mtoto wa Bungoma. Kwetu nyoka akionekana uani watu huitana kwa mayowe, na kila anayekuja huja na jembe. Nimefika umri huu, nina mvi, nina kazi ya karani kwenye reli, na sijawahi kumkaribia nyoka ila kwa nia ya kumkimbia.

Halafu nikampenda Ndanu.

Ndanu, mke wangu, anatunza nyoka. Ndiyo kazi yake, ana kibali na ana sare, na kwenye kidole gumba ana kovu ambalo hataki kulizungumzia. Tulipooana mwaka jana aliniahidi kwamba kazi ingebaki kazini. Ahadi hiyo ilidumu mpaka mayai fulani yalipoanguliwa huko kazini kwake na mmoja wa vitoto akatoka dhaifu kuliko wenzake. Alikuja naye nyumbani ndani ya kontena la plastiki lenye matundu kwenye kifuniko, akaniangalia kwa yale macho yake, nami nikasema sawa. Ni nyoka wa nyumbani, wale wa kahawia wasio na sumu, mwenye mstari hafifu kando ya jicho. Ni mwembamba kama kamba ya kiatu. Mumbua alimpa jina la Uzi.

Mumbua ni binti wa Ndanu. Ana miaka kumi na mitatu. Baba yake alifariki akiwa bado mdogo, kwa hiyo kwa muda mrefu nyumba hii ilikuwa ya wanawake wawili tu, mpaka nilipoingia na masanduku yangu na redio yangu. Hajawahi kunikosea adabu hata siku moja. Ananiamkia, ananipisha kwenye kochi, ananiita Anko. Ananiheshimu jinsi mtu anavyomheshimu mgeni ambaye ataondoka baada ya wikendi.

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna mtu wa kunicheka: heshima hiyo imekuwa ikiniumiza kuliko matusi.

Sasa, Ndanu yuko Baringo kikazi, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka. Kabla ya kusafiri alituketisha mezani, mimi na Mumbua, akatupa maagizo. Uzi alikuwa ameshajivua gamba lake la kwanza, na baada ya hapo nyoka mdogo anapaswa kuanza kula. Chakula kilikuwa kwenye friza, ndani ya mkebe uliofungwa vizuri: vitoto vya panya vya rangi ya waridi, visivyo na manyoya, ambavyo hata macho havijafungua. Tunatoa kimoja, tunakiyeyusha kwenye maji ya moto, tunakiweka karibu na Uzi, tunafunika, tunaondoka.

"Na msichungulie," alisema, akinitazama mimi.

Mara ya kwanza Mumbua alifanya kila kitu peke yake. Mimi nilisimama mlangoni nikijifanya natafuta chaja. Uzi alimnusa yule panya kwa ulimi, akarudi nyuma, akaficha kichwa chini ya mwili wake. Asubuhi panya alikuwa pale pale.

Tulilaumu baridi. Mumbua akajaza chupa maji ya moto, akaizungushia taulo, akaiweka chini ya upande mmoja wa kontena. Umeme ulipopotea nilichemsha maji kwenye jiko la gesi nikambadilishia Uzi chupa Mumbua akiwa shuleni. Nilifurahi kwamba kulikuwa na kazi ninayoweza kuifanya bila kufungua kifuniko.

Halafu nikafungua kifuniko.

Ilikuwa Alhamisi. Mumbua alikuwa amemwekea panya mwingine na kufunika kontena kwa kanga ya mama yake. Alikwenda kuoga. Nami nikajiambia niangalie kidogo tu, labda ameshakula, labda nitakuwa mtu wa kwanza kumpa habari njema. Niliinua kanga, nikainua kifuniko, na nikaona Uzi akiwa amemkaribia panya kabisa, kichwa kimeinuka. Aliniona. Akajikunja kwa kasi na kujificha chini ya karatasi.

Mumbua alitoka bafuni akanikuta na kifuniko mkononi.

"Anko, Mama alisema tusichungulie." Hakupaza sauti. "Alikuwa karibu. Si ungengoja tu?"

Nikakirudisha kifuniko. Jioni ile alikula chumbani kwake, na Ijumaa alinipita jikoni bila kuniamkia.

Jana, Jumamosi, nilimsikia akilia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kontena akimwangalia Uzi, ambaye ngozi ilikuwa imeanza kumkaa vibaya pembeni, kama nguo ya mtu mwingine. Nilisimama nyuma yake bila kujua kama ninaruhusiwa kuweka mkono begani kwake. Sikuuweka. Nilikaa sakafuni tu, mbali kidogo.

"Wakikataa sana wanalishwa kwa mpira, unapitishwa kooni," alisema, bado amenipa mgongo. "Mama aliniambia. Lakini huyu ni mdogo, anaweza kuumia. Anaweza kufa tukijaribu." Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Aliniachia mimi, Anko. Aliniamini."

Nilimwambia kwamba aliniachia mimi pia. Akageuka akanitazama kana kwamba hakuwa amelifikiria hilo.

Leo tulipotoka kanisani simu yangu iliita. Ndanu alikuwa amepanda kilima fulani kutafuta mtandao, upepo unavuma masikioni mwake. Nikampa Mumbua simu palepale langoni, watu wakitupita na Biblia zao. Alieleza yote, taratibu, kama daktari. Hakutaja kwamba nilifungua kifuniko. Nilisubiri alitaje, hakulitaja.

Halafu nikasikia sauti ya Ndanu ikikatika-katika: "Jaribuni mjusi. Porini wakiwa wadogo wanakula mijusi. Huyo panya hamjui kama ni chakula. Msugueni kwa mjusi, apate harufu."

"Mjusi yupi?" Mumbua akauliza.

"Yeyote wa ukutani. Msimuue, mnataka harufu tu..." Mtandao ukaenda.

Kwa hiyo leo mchana, mwenyeji wa Bungoma aliyevaa suti ya kanisani alikwenda kuwinda mjusi kafiri.

Siku za joto ukuta wetu huwa na mijusi mingi mpaka inakera. Leo, kwa baridi hii, hakukuwa na hata mmoja. Tuliangalia nyuma ya picha, nyuma ya kabati, nyuma ya taa ya ngazi. Mumbua ndiye aliyemkumbuka Mzee Mutua wa nyumba ya chini, ambaye huchonga twiga na vifaru vya kuuza na hurundika magogo yake kwenye kibaraza. Tulishuka. Mumbua akamsalimu kwa Kikamba na kumweleza shida yetu kwa Kikamba hicho hicho, na mimi nikawa nimesimama pale kama mzigo uliosahaulika. Mzee alinitazama suti, akatazama bakuli la plastiki nililoshika.

"Baba Mumbua," akasema kwa Kiswahili, "mijusi iko. Lakini ukiyaangusha magogo yangu utayapanga mwenyewe."

Baba Mumbua. Nilimtupia jicho Mumbua. Alikuwa akiangalia magogo.

Mumbua aliyainua magogo moja moja, na chini ya moja alikuwepo mjusi, amejibana, mweupe-mweupe, mzito wa baridi. Mumbua alininong'oneza, "Sasa, Anko. Mfunike." Nilifunika kwa bakuli, nikateleza, nikamkosa, nikatupa mkono na kushika kitu. Kilichobaki kati ya vidole vyangu kilikuwa mkia. Mkia peke yake. Nao ulikuwa ukicheza.

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulifika mtaa wa Umoja. Nikautupa juu, ukatua kwenye kola ya suti yangu, nikaanza kurukaruka kibarazani kwa watu nikijipiga shingoni.

Mumbua alicheka.

Sijui kama naweza kuueleza mcheko ule. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye maranda, ameshika tumbo, machozi yanamtoka, anasema, "Anko, wacha! Wacha kuruka, utaukanyaga!" Mzee Mutua alikuwa ameegemea mlango akikohoa kwa kucheka. Mwaka mzima nimeishi na mtoto huyu, na sikuwa nikijua kwamba ana pengo dogo upande wa kushoto wa meno yake.

Mjusi alikuwa amekwishakimbilia kwenye ufa wa ukuta. "Usijali," Mumbua aliniambia akiuokota ule mkia kwa kitambaa. "Utaota mwingine." Tukapanda juu.

Tulimyeyusha panya. Mumbua alimsugua kwa mkia wa mjusi kila mahali, hasa kichwani, kwa uangalifu mkubwa, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Ilikuwa tumhamishe Uzi kwenye kontena dogo zaidi, ili asiwe na pa kukimbilia ila kwenye chakula. Akaweka mkono ndani, kisha akautoa.

"Mikono yangu ni barafu," alisema. "Akishikwa na mikono baridi atajikunja tena. Anko, wewe ulikuwa umeshika ile chupa ya moto."

Nilielewa anachoniomba. Nilitaka kumwambia kwamba siwezi, kwamba tusubiri ajipashe moto. Lakini alikuwa akinitazama bila ile heshima yake. Alikuwa akinitazama kama mtu anayemhitaji mtu.

"Weka mkono chini yake, usimshike kutoka juu. Mwache aje mwenyewe."

Niliweka mkono. Nilifumba macho, halafu nikaona aibu, nikayafumbua. Uzi hakusogea. Kisha kichwa kidogo, hakizidi ukucha wangu, kikapanda kwenye kidole changu, na mwili ukafuata polepole, mkavu na laini. Nilitarajia utelezi. Hakuna utelezi. Nilitarajia uzito fulani, lakini hakuwa na uzito wowote. Ulimi wake ulinigusa kwenye mstari wa kiganja na sikuhisi chochote, niliona tu.

Nilichofikiria wakati huo, naapa, hakikuwa hofu. Nilifikiria: kumbe ni mdogo hivi.

"Unaona?" Mumbua alinong'ona. "Yeye ndiye anakuogopa."

Nilimteremsha kwenye kontena dogo, panya kando yake. Tukafunika, tukaweka kanga juu, tukatoka na kufunga mlango. Tuliketi ukumbini sakafuni, migongo ukutani. Hakuna aliyewasha televisheni. Mumbua alianza kuzungumza kwa sauti ya chini, ili asimsumbue Uzi. Aliniambia kuhusu mwalimu wa sayansi anayepiga chafya akiandika ubaoni. Aliniambia kwamba hakumbuki uso wa baba yake ila kwa picha, lakini anakumbuka alivyokuwa akipiga mluzi akipanda ngazi. Akaniuliza kama najua kupiga mluzi. Nikasema hapana, sijawahi kuweza. "Ni sawa," alisema.



Giza lilipoanza kuingia alisema twende. Nilimwomba achungulie yeye. Akakataa. Tukainua kanga pamoja, kila mtu pembe yake, bila kugusa kifuniko, tukaangalia kupitia ubavu wa plastiki.

Panya hakuonekana. Uzi alikuwa amenyooka kando ya kontena, na katikati ya mwili wake palikuwa na uvimbe mdogo, kama fundo. Alifungua mdomo akapiga mwayo, taya moja ikaenda huku na nyingine kule, kisha zikarudi mahali pake.

Mumbua alinishika mkono. Hatukupiga kelele. Tulirudi nyuma kwa ncha za vidole, tukafunga mlango, na huko ukumbini ndiko tulikoruka, bila sauti, mdomo wazi, kama watu wawili waliopungukiwa na akili.

Ujumbe wa kwenda Baringo aliuandika yeye. Haujafika bado, nimeona alama moja tu. Najua kwamba mlo mmoja si ushindi wote. Anaweza kukataa tena, na magogo ya Mzee Mutua hayatatuletea mikia kila wiki. Wala sijidanganyi kwamba Jumatatu haitatukuta tena na haya zetu, yeye na sare yake ya shule, mimi na tai yangu, tukipishana kwenye korido.

Lakini nilipokuwa nikianza kuandika haya, Mumbua aliniletea chai. Aliiweka karibu na kompyuta, akasema, "Usiache ipoe, Anko," akaenda kulala. Nimeinywa kidogo. Ndani hamna sukari. Ni kweli situmii sukari, daktari alinikataza, lakini ni jambo ambalo Ndanu pekee hushughulika nalo, na sikumbuki kulitaja mbele ya mtoto.

Amekuwa akiniangalia tangu lini?